Uwanja wa Wasomaji: Ukishinda dabi, ndoo unayo?

Meseji zimekuja nyingi mno safari hii na karibu zote ni Simba na Yanga na dabi yao (mechi wakikutana wao kwa wao), wengine wanauliza, wengine wanalalamika, wengine wametuma tambo tupu bila swali lolote (hao tumewaweka pembeni, msituchukie). Tumechagua zile zenye kitu cha kujadili. Majina ya watu hatuandiki, tunaweka mtaa au mji tu kama mlivyozoea.

SWALI: Za kazi kaka. Mi ni Mnyama, yaani Simba, tangu tumboni kwa mama. Kijiweni kwetu kuna jamaa wa Yanga kila siku anatuambia timu ikishafungwa dabi ubingwa isahau, msimu umeisha, kafanye mambo mengine. Sasa na wenzangu nao wameanza kuamini, tukifungwa na mtani basi hata mechi zinazofuata hawaangalii, wamekata tamaa kabisa. Hivi ni kweli dabi ndo inaamua? — Mbagala

JIBU: Si kweli bana, na huyo jamaa yako ukimpa historia ya juzi juzi tu atanyamaza, tena sehemu kubwa ya historia yenyewe itamfurahisha maana timu yake imo.

Anza msimu wa 2016/17. Februari 2017 Simba wako pungufu uwanjani, wamepewa kadi nyekundu, wametanguliwa kwa penalti ya Msuva, wakarudi wakashinda 2-1, Mavugo na Kichuya, mji haukulala. Bingwa nani? Yanga. Walimaliza pointi sawa 68 kwa 68, Yanga wakabeba kwa tofauti ya magoli. Yaani Simba kampiga mtani, kalingana naye pointi, na ndoo kaikosa. Kuna mechi gani inauma kuliko zile ambazo ungefunga goli moja moja zaidi kwa timu za kawaida ukaona haina haja?

Njoo 2019/20. Dabi ya kwanza 2-2, ya pili Machi 2020 Morrison kapiga ile frikiki, Yanga 1-0. Bingwa Simba. 2020/21, ya kwanza 1-1, ya pili Julai 2021 Zawadi Mauya kafunga, Yanga 1-0 tena. Bingwa Simba tena, na wiki tatu baadaye wakakutana Kigoma fainali ya kombe la FA, Simba wakashinda 1-0, kombe la pili hilo. Halafu 2021/22 ndo inachekesha kabisa, dabi zote mbili 0-0, hakuna aliyefunga hata goli la bahati, na Yanga akawa bingwa bila kupoteza mechi hata moja ya ligi msimu mzima. 2022/23, moja 1-1 na nyingine Simba 2-0, Inonga na Kibu. Bingwa? Yanga!

Umeona hapo. Kuanzia 2019/20 mpaka 2022/23 misimu minne mfululizo hakuna bingwa hata mmoja aliyemfunga mtani wake kwenye ligi. Hiyo sio bahati mbaya, ni hesabu. Ligi ni mechi 30, dabi ni mbili. Pointi 6 kati ya 90. Hizo 84 nyingine ziko Mbeya, ziko Bukoba, Ruangwa, Tanga, Singida, Tabora, kwenye viwanja ambavyo saa kumi jioni jua kali, nyasi zina mabonde, beki wa timu inayopigania kutoshuka daraja anakukaba kama unadaiwa, na kocha wako anaangalia saa dakika ya 80 bado 0-0.

Nisikufiche lakini, kuna msimu mmoja dabi iliamua kweli, nao ni 2024/25. Simba walifungwa mechi mbili tu za ligi msimu mzima na zote na Yanga, 1-0 Oktoba na 2-0 ile ya tarehe 25 Juni 2025, siku ya mwisho kabisa, baada ya yale mambo yote ya Machi 8 ya dabi kuahirishwa. Yanga pointi 82, Simba 78. Jamaa yako hapo atakuja juu. Ila mwambie asubiri. Simba msimu ule walitoa sare tatu: Coastal Union 2-2 na walikuwa wanaongoza mbili, Fountain Gate 1-1, Azam 2-2 goli la jioni kabisa. Zile sare zingekuwa ushindi Simba ana 84, na ana ndoo, pamoja na kufungwa dabi zote mbili! Hata moja tu kati ya hizo wangeshinda, wangeingia tarehe 25 Juni wakiwa juu ya msimamo na sare ingewatosha. Waliingia wakiwa nyuma pointi moja, wanalazimika kushinda, na timu inayolazimika kushinda dabi inacheza tofauti kabisa na inayotafuta sare, hilo kila aliyeangalia aliliona.

Kwa hiyo waambie wenzako warudi waangalie mechi. Unafungwa dabi Jumamosi, Jumatano unaenda mkoani, na pale mkoani ndo pa kuogopa.

SWALI: Mwandishi, mimi ni mtu mzima wa Tanga. Hawa vijana wa Yanga tangu wapate ile tano moja ya 2023 hawana adabu, wanadhani mpira ulianza siku ile. Hebu waelimishe kipigo kikubwa ni kipi. — Tanga, Ngamiani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kipigo kikubwa ni kile cha Julai 1977, Simba 6 Yanga 0, Abdallah Kibadeni kafunga tatu peke yake. Hakijafikiwa mpaka leo. Lakini na vijana wa Yanga wana wazee wao, 1968 Yanga aliwahi kumpiga mtani 5-0 enzi hizo Simba bado wanaitwa Sunderland, jina la Simba limekuja 1971. Halafu Mei 2012 Simba akalipa mkono, 5-0. Na Novemba 5, 2023 Yanga 5-1, Musonda, Maxi mawili, Aziz Ki, Pacome kwa penalti, na la Simba kafunga Kibu.

Ila mzee wangu ngoja niongeze kitu maana hili swali lako na la kijana wa Mbagala ni ndugu. Baada ya ule mkono wa 2012, ambao Simba walikuwa mabingwa msimu uleule, unajua walikaa muda gani bila ubingwa? Misimu mitano. Yanga, Azam, Yanga, Yanga, Yanga. Zile tano waliziimba mpaka zikachakaa na ndoo inapita mbele yao kila mwaka. Na hata ile mechi ya Oktoba 2013 ambayo watu wanaisimulia mpaka leo, Yanga anaongoza 3-0 mapumziko, Simba anarudisha zote, 3-3, mji mzima unapiga kelele, msimu ule bingwa alikuwa Azam bila kufungwa. Wawili walikuwa bize kupigiana hesabu za 3-3, wa tatu kapita kimya kimya.

Na huyu Gamondi, kocha wa Yanga wakati ule, aliyewapiga Simba mkono 2023, akawapiga tena 2-1 Aprili 2024, akawapiga tena 1-0 Oktoba 2024, mwezi uliofuata hayupo. Kaondoka kwa sababu gani? Kafungwa na Azam 1-0, kafungwa na Tabora United 3-1, ndani ya wiki moja. Kushinda dabi tatu mfululizo za ligi hakukumwokoa na Tabora. Viongozi wenyewe wanajua pointi ziko wapi, ni sisi mashabiki tu ndo tunajisahaulisha.

SWALI: Naomba mnijibu bila uoga. Hizi timu za mikoani zikicheza na sisi zinakaza utadhani fainali ya kombe la dunia, zikienda kucheza na wale wengine zinalala. Si zinapewa kitu hizi? Mbona nyie waandishi hamsemi? — Mwanza

JIBU: Ndugu yangu wa Mwanza, hujasema wewe ni wa timu gani na hapo ndo pazuri, kwa sababu barua kama yako tunapata kutoka pande zote mbili, maneno yaleyale, wewe badilisha rangi ya jezi tu. Shabiki wa Simba anaamini vibonde vinawakazia Simba tu, wa Yanga anaamini vinawakazia Yanga tu. Wote hawawezi kuwa sahihi kwa wakati mmoja.

Kumtuhumu mchezaji kwamba kauza mechi ni jambo kubwa. Kuna kijana pale analea familia kwa mshahara ule ule mdogo, kafanya kosa moja golini, halafu nchi nzima inamwita mwizi kwa sababu mkeka wa mtu (ile tiketi ya kubeti) umechanika. Mwenye ushahidi aupeleke TFF au Takukuru, asiye nao aache. Mimi kwenye hili siwezi kukubembeleza.

Mambo ya kimaslahi kuhojiwa ni sawa, mfano mdhamini mmoja kudhamini timu kadhaa kwenye ligi moja, hilo watu wamelisema sana na wana haki kulisema, sheria ziwe wazi na zifuatwe. Ila matokeo yenyewe ukiyatazama yanakataa hiyo hadithi ya kulala. Yanga walikaa mechi 49 za ligi bila kufungwa, nani aliwatoa? Ihefu, Mbarali, Novemba 2022, 2-1. Unadhani ilikuwa bahati? Oktoba 2023 wakarudi palepale wakapigwa tena 2-1. Tabora United wale wale wa 3-1, wachezaji wao wengi walikuwa hawajulikani na mtu. JKT Tanzania wakawabana 0-0 Februari 2025. Simba nao si ndo nimetoka kukutajia Coastal na Fountain Gate.

Sababu kubwa ya timu ndogo kukaza ni rahisi tu. Mchezaji wa timu ya mkoani mechi yake na Simba au Yanga inaonyeshwa live nchi nzima, maskauti wanaangalia, akicheza vizuri dirisha dogo la usajili anaitwa, maisha yanabadilika. Kila moja ya hizi timu mbili inapokea dakika 90 bora za mpinzani. Ukiwa unaangalia mechi za timu yako peke yako ndo unaona wanakukazia wewe tu, kaa uangalie na za mtani wako nzima nzima, usiangalie magoli tu kwenye simu, utaona naye anavyohangaika.

SWALI: Hivi kwanini ligi yetu mtu akishika kombe analishika miaka minne mitano? Simba minne, Yanga nao minne. Ni hela tu au kuna siri? — Yanga damu, Iringa

JIBU: Hili swali ndo ningetamani kila shabiki aliulize, kuliko yote yaliyokuja.

Hela ipo ndani, hakuna ubishi. Yanga walibeba 2014/15, 2015/16 na 2016/17 wakiwa na mfadhili wao Yusuf Manji, Mungu amrehemu. Alivyotoka 2017 klabu ikayumba kweli kweli, mishahara ikawa tatizo, mpaka kocha Mwinyi Zahera anazunguka na bakuli mashabiki wanachangia. Na hapa wana Yanga wa sasa msisahau, msimu ule wa bakuli, 2018/19, timu ilimaliza ya pili ikipumuliana na Simba mpaka mwishoni. Mi huwa nasema ile ni moja ya timu zenye moyo zaidi kupita Jangwani, kwa Yanga, ingawa hawakubeba kitu. Upande wa pili Mo Dewji kaingia Simba, usajili umekuwa mkubwa, Kagere, Chama, Miquissone, ndo ile misimu minne kuanzia 2017/18.

Lakini hela peke yake haitoshi maana hata baada ya 2021 Simba hela walikuwa nazo. Kilichotokea ni kwamba Agosti 2021 waliuza Miquissone kwenda Al Ahly na Chama kwenda Berkane, dirisha moja, injini zote mbili zimeshuka kwenye basi siku moja. Chama alirudi baadaye lakini timu ilishapoteza mwendo. Halafu likaanza lile la makocha. Gomes, Pablo, Zoran, Mgunda, Robertinho, Benchikha, Mgunda tena, mpaka Fadlu 2024. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi. Kila kocha anakuja na wachezaji wake, anaondoka anakuachia wachezaji wake, mwingine anakuja hawataki, beki wa kulia anafundishwa mambo mapya kila baada ya miezi sita.

Wakati huohuo Yanga wakafanya kitu ambacho kwa timu zetu hizi ni kigumu kuliko kusajili. Kocha Nabi alikuja Aprili 2021, msimu ukaisha wa pili, kombe la FA kalikosa Kigoma, na hawakumfukuza. Wakampa dirisha lile, Diarra golini, Aucho katikati, Mayele mbele. Matokeo yake ni msimu mzima wa ligi bila kufungwa, mwaka uliofuata ubingwa tena pamoja na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Na walivyoondoka Nabi na Mayele 2023 uti wa mgongo ulibaki, Diarra, Job, Bacca, Aucho, Mudathir, Aziz Ki, kocha mpya kakuta nyumba ina nguzo. Aziz Ki msimu huo 2023/24 kamaliza na magoli 21.

Kwa hiyo siri kama ipo ni hiyo, yule anayeteseka leo akivumilia na kujenga, na yule anayeshangilia leo akianza kubomoa mwenyewe, zamu inabadilika. Simba walijengwa kwenye miaka mitano ya ukame, Yanga walijengwa kwenye miaka minne ya bakuli. Mwana Iringa, ukiwa juu usiulize mtani anasajili nani, uliza mikataba ya nguzo zenu inaisha lini. Chama mwenyewe si alivuka kwenda Jangwani 2024 mkataba ulivyoisha? Na Jangwani kwenyewe makocha walianza kupishana baada ya Gamondi, Ramovic kakaa kidogo kaondoka, akaja Hamdi. Ndoo ya 2024/25 ilipatikana, sawa, lakini mi nikiona makocha watatu ndani ya msimu mmoja huwa nashtuka hata kama timu imebeba, maana nimeona Msimbazi, kwa Simba, hiyo kitu inaishia wapi.

SWALI: Bishano letu la ofisini: nani ana ubingwa mwingi, na je timu nyingine iliwahi? — Dodoma

JIBU: Mpaka mwisho wa msimu wa 2024/25 Yanga 31, Simba 22. Nyingine ziliwahi ndio, zikiwemo Tukuyu Stars 1986, Coastal Union 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000, Azam 2013/14. Aliyeweka dau alipe.

SWALI: Dada yenu nina tatizo. Mume wangu ni Simba wa kupindukia, mimi sina timu. Simba wakifungwa dabi hali chakula, hasemi na mtu hadi watoto wanamuogopa. Hayo nilishazoea. Lakini juzi nimegundua hela ya kodi ya nyumba aliiweka kwenye mkeka wa dabi na ikaliwa. Nikimuuliza anasema angeshinda ningefurahi. Nifanyeje jamani? — Morogoro

JIBU: Dada yangu pole sana, na asante kwa kuandika maana wenye tatizo hili ni wengi, wanaona aibu.

Hayo mambo mawili yatenganishe. Kununa kwa ajili ya timu, sisi tunaopenda mpira tunaelewa, yale maumivu ni ya kweli na hayajifanyishwi, mtu kapenda timu tangu ana miaka sita. Mpe siku yake moja apoe. Ila watoto kuogopa baba yao hilo hapana, mwambie siku ambayo hakuna mechi, ametulia, sio usiku wa kipigo, maana usiku ule hakuna neno linaloingia.

Kodi ni habari nyingine na hapo usilegee. Kwanza mwambie hivi kwa lugha yake ya mpira: dabi ndo mechi mbaya kuliko zote kubeti. Dabi saba za ligi kuanzia Januari 2020 hadi Oktoba 2022, tano ziliisha sare na mbili zilizobaki ziliisha 1-0. Timu inakuja imetoka kushinda mechi kumi, nyingine inayumba, na bado inaisha 0-0. Mtu anayeujua mpira kweli, akiangalia hayo matokeo, hata hela ya vocha haweki. Anayeweka kodi hapo haongozwi na mpira, anaongozwa na mapenzi, na mapenzi hayalipi mwenye nyumba.

Pili, hiyo kauli ya "ningeshinda ungefurahi" usiikubali. Usingefurahi, ungejua tu kwamba kodi yenu ilikuwa hatarini na imepona. Hela ya kodi, ada na chakula ikae mkononi kwako au kwenye simu yako tangu siku ya mshahara, mkubaliane wawili, na kama ana mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au mzee wa pale msikitini au kanisani, mshirikishe. Kama amefikia kukopa ili abeti, au anakuficha zaidi ya mara hii, hapo ameshavuka ushabiki, anahitaji msaada wa mtaalamu, mpelekeni hospitali ya mkoa waulize huduma ya ushauri nasaha. Hiyo ni sawa na ugonjwa mwingine, sio aibu.

Na wewe dada siku moja moja kaa naye muangalie mechi. Sio lazima upende timu. Wanaume wengine wanabeti kwa sababu mechi wanaangalia peke yao na mkeka ndo kampani yao.

SWALI: Mtani akicheza na Waarabu (timu za Afrika Kaskazini) nimshangilie nani? Wenzangu wananiita msaliti kwa sababu nilivaa jezi ya Taifa siku ya mechi ya Simba. — Mwananchi, Kigamboni

JIBU: Msaliti wa nani? Ulivaa jezi ya nchi yako.

Utani wa jadi ni utamu wa mpira wetu na mtu akimshangilia mgeni kwa utani siwezi kumtukana, ilikuwepo na itakuwepo. Lakini wenye kukuita msaliti waulize wanakumbuka 2019. Simba walicheza makundi ya Ligi ya Mabingwa 2018/19, ugenini wanapigwa tano Kinshasa, wanapigwa tano kwa Al Ahly, wanafungwa Algeria, wanarudi kwa Mkapa wanashinda zote tatu, Kagere anamfunga Al Ahly 1-0, pointi 9 zote za nyumbani, robo fainali. Pointi zile za CAF ndo zilifanya Tanzania ipewe nafasi nne za klabu Afrika msimu uliofuata. Na nani aliingia Ligi ya Mabingwa kwa kumaliza wa pili? Yanga. Mtani ndo alikufungulia mlango.

Baadaye Yanga naye akalipa. Fainali ya Shirikisho 2023 na USM Alger, kafungwa 2-1 nyumbani, kaenda Algiers kashinda 1-0, kombe limekwenda kwa goli la ugenini tu, Mayele mfungaji bora wa mashindano. 2024 robo fainali na Mamelodi, 0-0, 0-0, lile goli la Aziz Ki Pretoria ambalo kila mtu aliliona limevuka mstari isipokuwa waamuzi, wakatolewa kwa penalti. Halafu Simba fainali ya Shirikisho 2025 na Berkane, kafungwa 2-0 kule, 1-1 Zanzibar. Ndani ya miaka mitatu nchi hii imecheza fainali mbili za Afrika, wakati kabla ya hapo ilikuwa moja tu, Simba na Stella ya Abidjan 1993.

Na uone mpira ulivyo. Simba walifika fainali ya 2025 kwa sababu msimu wa 2023/24 walimaliza wa tatu! Walilingana na Azam pointi 69, Azam kawapita kwa magoli, akaenda Ligi ya Mabingwa akatolewa mapema na APR, Simba wakaenda Shirikisho wakachanja mbuga. Siku ile wamemaliza wa tatu mashabiki wao walilia kweli.

Vaa jezi yako ya Taifa ndugu yangu. Jumamosi ya ligi rudi kwenye kijani na njano.

SWALI: Timu yangu iko nyuma pointi nyingi lakini ina viporo (mechi ambazo wenzake wamecheza na yenyewe bado). Mtani anasema kiporo sio pointi. Mi nasema ni pointi. Nani kapatia? — Mbeya

JIBU: Mmepatia nusu nusu. Kiporo ni nafasi ya pointi, bado hujaila. Msimamo ukiwa na viporo unadanganya sana, ndo maana wakati huo usihesabu pointi zilizokusanywa, hesabu zilizodondoshwa. Sare umedondosha mbili, kufungwa umedondosha tatu, basi. 2024/25 Yanga alidondosha 8 msimu mzima, Simba 12. Kwa hesabu hii hata mtu awe na viporo vitano unajua kabisa nani yuko mbele.

Mfano wa kiporo kulika vizuri ni 2018/19. Simba wako Afrika wanacheza makundi na robo fainali, viporo vimerundikana, Yanga wanaongoza ligi kwa gepu kubwa, mashabiki wa Yanga wameshaanza kuongelea ubingwa. Simba wakarudi wakaanza kula kimoja kimoja mpaka wakapita juu.

Lakini usibweteke maana kiporo kina gharama. Unacheza kila baada ya siku tatu, leo Mwanza, keshokutwa Bukoba, wachezaji misuli imekaza, kocha hana muda wa mazoezi zaidi ya kuwapumzisha, na wapinzani wako wa mwisho wa msimu ni wale wanaokimbia kushuka daraja, hao wanacheza na maisha yao. Kama timu yako ina benchi refu, beki wa pili wa kushoto wa maana na straika wa akiba anayefunga, kiporo ni pointi. Kama inategemea wachezaji kumi na moja walewale, mtani wako yuko sahihi. Tuandikie tena utuambie wako wana benchi la namna gani, na uwe mkweli.